Mwalimu Mtetemo na Jitu la Ng'ambo ya Ukuta

Baada ya miaka thelathini na minne ya kushika chaki, mwalimu wetu wa sayansi anastaafu Ijumaa hii, tarehe ya mwisho ya mwezi, siku ambayo pia tunafunga muhula. Ameitumikia shule hii moja tu. Aliingia akiwa binti mwembamba ambaye wanafunzi wa darasa la saba walimdhania mwenzao, na anatoka akiwa bibi mwenye wajukuu wanaosoma madarasa yale yale. Kwa wanafunzi anaitwa Mwalimu Mtetemo. Jina walimpa wenyewe, na limemganda kiasi kwamba hata kwenye vikao vya walimu mwenyekiti humpa nafasi ya kusema kwa jina hilo na hakuna anayecheka.

Jina lilitokana na somo la sauti. Walimu wengi tulilifundisha kwa kuandika maelezo ubaoni na watoto wakanakili. Yeye hakuandika kitu mpaka watoto wawe wameshika. Aliwaambia waweke vidole kooni na wavume, wasikie koo linavyotikisika. Aliwaambia wabane rula kwenye ukingo wa dawati na kuipiga, kisha waifupishe na kuipiga tena, wajionee sauti ikipanda. Alifunga kijiko katikati ya uzi, akampa mtoto ncha mbili za uzi azibane masikioni, na kijiko kile cha chai kikilipiga dawati mtoto alisikia kengele kubwa ambayo mwenzake aliyekaa naye hakuisikia. Nimewahi kumwona mzazi mmoja, mtu mzima mwenye kitambi, akifanyiwa kijiko hicho barazani na kuomba arudie.

Sisi wa vyumba vya jirani tulipata tabu yetu. Mimi nafundisha lugha, chumba kinachopakana na chake, na kuna siku nilikuwa katikati ya shairi la msiba, darasa lake likaanza kuvuma kama mzinga wa nyuki. Mwalimu mkuu wa wakati ule alikuja mbio akidhani wanafunzi wamegoma. Alipofika kelele ilikuwa imekwisha. Alikuta watoto wote wamelaza sikio moja juu ya dawati, macho wamefumba, na mwalimu wao anakwaruza mbao kwa ukucha. Akauliza kwa nini watoto wamelala saa ya kazi. Mwalimu Mtetemo akamwomba naye alaze sikio. Akalaza. Hakuuliza tena, na mkewe alituambia kwamba juma lile meza yao ya chakula ilikwaruzwa hadi akachukia.

Lakini lililowanogea watoto kuliko yote ni mchele. Unachukua kopo tupu la maziwa, unavuta kipande cha mfuko wa plastiki juu ya mdomo wake na kukikaza kwa mpira, kisha unatawanya punje chache za mchele. Ukigonga sinia karibu na kopo bila kuligusa, mchele unaruka. Mtoto akishaona mchele umerushwa na kitu asichokiona, huhitaji tena kumweleza sauti ni nini.

Ningeishia hapo ningekuwa nawapunja wasomaji. Walimu vijana, na hata wazazi wengi wa leo, hawajui kwamba kuna mwaka ambao nusura tumkose mwalimu huyu, na kwamba kisa chenyewe kilianzia kwenye mchele huo.

Ng'ambo ya ukuta wa shule kuna kiwanda cha masufuria. Nusu ya wazazi wetu walifanya kazi pale. Mume wa Mwalimu Mtetemo alikuwa fundi mkuu pale, na sote tulimwita Fundi, basi. Mwenye kiwanda, ambaye wafanyakazi walimwita Tajiri, alikuwa mtu wa watu. Upepo ulipong'oa paa la vyumba vyetu vya nyuma, yeye ndiye aliyeezeka upya, na madawati mengi tuliyokuwa nayo yalitoka mkononi mwake. Siku za sherehe alikaa kiti cha mbele na hakuna aliyeona ajabu.

Mwaka huo Tajiri alileta mashine mpya ya kukandamiza bati. Bati nene linaingia likiwa bapa, linatoka likiwa sufuria, na kila sufuria ina kishindo chake. Iliwekwa kwenye banda lililoegemea ukuta wetu kwa kuwa nyaya za umeme mkubwa ziliishia pale. Watoto waliiita Jitu. Aliyeiendesha ni Fundi, na aliipenda kama mtu anavyopenda gari lake la kwanza. Kabla ya kuiwasha aliifuta vumbi.

Jitu lilikuwa limefanya kazi wiki chache darasa la sita walipofika kwenye somo la sauti. Makopo yalikuwa yamepangwa, mchele uko juu ya plastiki, na hakuna mtoto aliyekuwa amegonga kitu. Mchele ukaruka. Ukatulia, ukaruka tena. Watoto wakashangilia.

"Mwalimu, unacheza wenyewe," akasema msichana mmoja aliyekaa dirishani, upande wa kiwanda.

Mwalimu Mtetemo hakucheka nao. Alikwenda akaweka kiganja ukutani na kukiacha pale kwa kitambo. Kisha, akiwa amesimama mbele ya darasa, alimwuliza yule msichana swali jepesi tu: ni nini kinachourusha? Msichana alimtazama mdomo, akatabasamu, hakujibu. Mwalimu akauliza tena kwa nguvu zaidi. Msichana akatabasamu tena.

Msichana huyo tulikuwa tukimwita Kimya. Alikaa upande wa ukuta wa kiwanda, safu ya mwisho, na muhula ule alama zake zilikuwa zimeporomoka. Wapo waliosema ana kiburi, wapo waliosema ameanza ujana. Mwalimu Mtetemo alimhamishia chumbani kwangu kwa kipindi kimoja, upande ulio mbali na Jitu, akamwuliza maswali yale yale kwa sauti ya kawaida. Kimya aliyajibu yote, moja baada ya jingine, mpaka akaanza kuwajibia na wengine.

Mwalimu Mtetemo hakupeleka malalamiko kwa mtu. Aliligeuza kuwa somo. Watoto walitembeza kopo la mchele dawati hadi dawati wakiangalia ni wapi punje zinaruka sana na wapi zinatikisika kidogo tu. Kisha akaazima kwangu imla, ambayo ni mali yangu mimi mwalimu wa lugha. Aliwasomea maneno kwa sauti ile ile, mara ya kwanza Jitu likifanya kazi, mara ya pili mafundi wakiwa wamekwenda kula. Walichokipata watoto walikichora kwenye karatasi kubwa: darasa zima lilivyo, kila dawati na mahali pake. Aliyesikia alipaka dawati lake rangi ya kijani, asiyesikia akapaka nyekundu. Upande wa dirishani ulikuwa mwekundu mtupu. Wakaibandika karatasi ukutani, wakarudi nyuma kuitazama.

Mwalimu mkuu aliiona siku hiyo hiyo. Huyu alikuwa mgeni kwetu, mdogo kwa umri kuliko Mwalimu Mtetemo, na alimheshimu.

"Dada, hiyo ramani ishushe," alimwambia, mlango wa ofisi ukiwa wazi na sisi wengine tukijifanya tunasahihisha. "Tajiri akiiona atasema tunamtafuta."

"Simtafuti mtu. Watoto hawasikii masomo."

"Wazazi wao wanakula pale. Hata wewe unakula pale."

Ramani haikushuka.

Yaliyotokea nyumbani kwao nayaandika kwa ruhusa ya wote wawili. Jioni moja, Fundi akiwa mezani anasubiri chakula, mkewe alichukua saa ya mezani, ile ya kutikatika, akasimama nyuma yake. Alikuwa amewafanyia watoto zoezi hilo mara nyingi.

"Baba watoto, nitakusogezea saa. Ukiisikia niambie."

Fundi akacheka, akakubali. Alikaa akisubiri. Alisubiri sana, mwishowe akasema, "Sasa mbona huileti?"

Saa ilikuwa kwenye sikio lake la kushoto, imebakiza kidogo kugusa nywele.

"Hiyo betri imekufa," akasema alipogeuka na kuiona. Mkewe akampa mkononi. Fundi aliona mshale unatembea. Akaikandamiza sikioni, akaitoa, akahamia sikio la kulia, akasikiliza, kisha akaiweka mezani taratibu kama kitu cha kuvunjika.

"Sasa umeridhika?"

"Siyo kuridhika. Nataka uende hospitali."

"Kwa hiyo mimi ndiye ninayewaziba watoto masikio."

"Sikusema hivyo."

"Umesema mbele ya darasa zima, tena kwa rangi nyekundu."

Tangu jioni hiyo nyumba ikawa na baridi. Mume na mke walipitana mlangoni kama wapangaji. Likiwepo la kusema, alitumwa kitinda mimba wao. Mwambie mama yako nachelewa leo. Mwambie baba yako chakula kiko jikoni. Mtoto mwenyewe alichoka, siku moja akawaambia wakitaka atawafungia makopo na uzi waongee humo.

Nje mambo yalikuwa mabaya zaidi. Lilivuma neno kwamba mwalimu wa sayansi anataka kiwanda kifungwe. Hatukujua nani alilianzisha, ila lilifika kila mlango. Akienda dukani, wanawake waliokuwa wakimchangamkia walimpa mgongo na kuendelea kuchagua nyanya. Barazani kwetu kuna walimu waliohamisha viti. Kisha akaja mama yake Kimya, ambaye kazi yake kiwandani ilikuwa kufunga masufuria kwenye maboksi. Alikuja na sare yake ya kazi na hakukubali kukaa.

"Mwalimu, mwanangu umemfanya kiziwi mbele za watu."

"Mama, mwanao si kiziwi. Mwanao hasikii akiwa pale alipokaa. Hayo ni mambo mawili."

"Mimi nina moja tu. Kazi ile ikifungwa, tutakula nini? Utatulisha wewe na mchele wako wa kuchezea?"

Akamshika binti yake mkono, wakaondoka. Kimya aligeuka nyuma mara moja langoni. Mwalimu Mtetemo alibaki barazani na kipande cha chaki mkononi mpaka kengele ya kipindi kilichofuata.

Tajiri hakuja kugomba. Aliomba mkutano wa wazazi shuleni, mbele ya afisa elimu, asubuhi ya siku ya kazi. Tulijua maana yake. Mwalimu mkuu alikuwa ameshaambiwa atafute mtu wa kushika vipindi vya sayansi. Uhamisho wa Mwalimu Mtetemo ulikuwa tayari, tena wa mbali, na mkutano ulikuwa wa kumpa mtu heshima ya kuambiwa mbele za watu.

Mkutano ulifanyika kwenye darasa lile lile la sita. Wanafunzi waliketi mahali pao, wazazi wakasimama kuzunguka kuta, wengine nje ya madirisha. Mama yake Kimya alikuwepo, amesimama upande wa kiwanda, na binti yake, ambaye tangu siku ile hakuwa amemrudisha shuleni, alimruhusu akae dawatini kwake kwa saa hiyo tu. Tajiri alikuja amevaa vizuri, akawaamkia wazee wote kwa adabu, akamwambia afisa elimu kwamba hakutaka kazi isimame kwa ajili ya mkutano. "Nataka mheshimiwa asikie hali ilivyo kila siku," alisema.

Kumbe asubuhi hiyo, na hili hatukulijua hadi baadaye, alikuwa amepita bandani kwa Fundi. Alimwambia aweke bati jepesi, lile la vikombe, na aende taratibu mpaka wageni waondoke. Alimwambia pia kwamba mke wa mtu ni heshima ya mtu, na kwamba mwanamume mwenye busara huizuia nyumba yake isiungue. Fundi aliitikia kwa kichwa.

Basi tukakaa, na ng'ambo ya ukuta palikuwa na mnguruno mdogo tu, kama mtu anayekoroma chumba cha tatu. Afisa elimu aliinamisha kichwa akasikiliza.

"Mwalimu, kelele yenyewe ndiyo hii?"

Baadhi ya wazazi wakacheka. Mwalimu Mtetemo alisimama mbele, karibu na kopo lake la mchele, na mchele ulikuwa umelala. Nilimwona akiutazama. Aliyekuwa na mkono juu ya mashine ile alikuwa mume wake, ambaye hawakuwa wamesemezana uso kwa uso kwa wiki kadhaa. Kama aliwahi kuomba kitu maishani, nadhani alikiomba pale, ingawa hakufumbua mdomo.

"Mheshimiwa, naomba tusubiri kidogo."

"Tusubiri nini?"

Mwalimu mkuu alikohoa. Tajiri alitazama saa yake ya mkononi, akatabasamu kwa upole, akaanza kuinuka ili aseme yake. Wazazi wakamgeukia.

Ndipo Jitu likapiga.

Vioo vilitetemeka. Punje za mchele ziliruka zikamwagika mezani. Likapiga tena, na tena, kwa mwendo wake wa kila siku, bati nene, sufuria kubwa za shughuli. Fundi alikuwa ameyaweka kando mabati ya vikombe. Tajiri aligeukia ukuta, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo uso wake ulikuwa na kitu kingine zaidi ya upole.

Mwalimu Mtetemo akamgeukia afisa elimu. "Mheshimiwa, naomba jambo moja. Tajiri awasomee watoto imla."

"Nisome nini?" akauliza Tajiri.

"Usisome. Sema mwenyewe lile unalotaka wazazi walisikie. Simama ninaposimama mimi, sema kwa sauti ninayofundishia. Watoto wataandika."

Alikubali, na nadhani alikubali kwa furaha, maana alikuwa amepewa nafasi aliyoijia. Akasimama mbele ya ubao, akafunga mikono nyuma, akasema polepole na kwa uzuri, kama mtu aliyezoea kusikilizwa:

"Kiwanda hiki hakitawadhuru watoto wenu. Hakitafungwa, wala hakuna mzazi atakayepoteza kazi."

Sisi tuliokuwa mbele tulimsikia vizuri. Kalamu zilikimbia. Afisa elimu alizipokea karatasi yeye mwenyewe, safu kwa safu, asimwachie mtu azipange. Za safu ya mbele zilikuwa sawa. Akafika za dirishani, akasoma ya kwanza, akaiangalia tena, akachukua ya pili. Kisha akasoma kwa sauti, akipandisha kila Jitu lilipopiga.

"Kiwanda hiki kitawadhuru watoto wenu. Kitafungwa." Akachukua nyingine. "Kitawadhuru. Kitafungwa. Kuna mzazi atakayepoteza kazi." Akachukua ya Kimya. Ilikuwa hivyo hivyo, kwa mwandiko mzuri.

Mimi nilielewa papo hapo, kwa sababu ndiyo kazi yangu. Ile "ha" inayokanusha ni pumzi tu. Haina uzito wa kushindana na bati. Kishindo kiliimeza na kuacha maneno mengine karibu yote yakiwa salama, na yaliyobaki yalikuwa na maana kamili, ila kinyume na aliyosema.

Tajiri alizichukua karatasi, akazipitia.

"Hawa wamefundishwa," akasema. "Mmewakalisha hapa mkawafundisha."

Ushahidi wake wote ulikuwa watoto wake, na watoto wake walikuwa wameitwa waongo mbele ya wazazi wao. Afisa elimu alimtazama Tajiri, akamtazama mwalimu, na nikaona mizani inaanza kurudi ilikokuwa.

"Mimi hakuna aliyenifundisha, Tajiri."

Alikuwa mama yake Kimya. Alisema akitazama sakafu, na ilimbidi arudie kwa sauti ya juu kwa sababu Jitu lilimkata.

"Mimi hakuna aliyenifundisha. Nimesimama hapa hapa, na nimesikia kitafungwa. Moyo umenipiga. Nikajua umekuja kutuaga."

"Hata mimi," akasema mzee mmoja wa dirishani. "Nilishangaa unavyosema maneno mabaya hivyo huku unacheka."

Wakafuata wengine, si kwa kelele, mmoja mmoja, upande ule ule wa ukuta. Mama yake Kimya alikuwa amemwinamia binti yake na kuweka mkono juu ya karatasi ya imla. Afisa elimu aliinuka, akaenda ukutani, akaweka kiganja chake, na alipokitoa alimwambia mwalimu mkuu kwamba darasa hilo lisifundishiwe mtu tena mpaka atoe neno.

Tajiri alitoka bila kuaga. Muda si muda Jitu likanyamaza, na sote mle ndani tulijua anayefokewa ni nani.

Kwa mara ya kwanza tangu tumfahamu, Mwalimu Mtetemo aliacha darasa kabla ya kengele. Alivuka uwanja akiwa nusu anakimbia. Fundi alikuwa anatoka lango la kiwanda, ovaroli yake imekunjwa vizuri kwapani. Walisimama pale barabarani, watu wakiwapita.

"Alikwambia uipunguze?" mkewe akauliza.

"Njoo upande huu," akasema Fundi. "Sikio hili ndilo lenye nafuu."

Mkewe akazunguka, akauliza tena.

"Aliniambia. Nikaweka bati la vikombe kama alivyotaka. Halafu nikakufikiria umesimama mle ndani, unaonekana mwongo." Akahamisha ovaroli kwapa la pili. "Mashine nilikuwa nimeshaijua sauti yake. Yako nilikuwa naikosa."

Wakaenda nyumbani kwa miguu.

Mambo hayakunyooka siku hiyo wala mwezi huo. Fundi alikaa bila kazi kwa muda mrefu, akiziba vyungu na kunyoosha milango ya majirani uani kwake, na kuna wazazi waliowalaumu wote wawili hadi mwisho. Sisi shuleni tulisongamana madarasa mawili chumba kimoja, na mimi nimefundisha vitenzi huku mwenzangu akifundisha hesabu za sehemu pembeni yangu. Uhamisho haukuja, lakini kila gari lisilojulikana lilipoingia uwanjani tuliacha kula.

Kilichomaliza mvutano kilitoka tena kwa watoto. Mwalimu Mtetemo aliwauliza wafanyeje ili kopo lisiruke hata sinia likigongwa. Walijaribu kuliweka juu ya nguo, juu ya sponji, juu ya mchanga, juu ya vipande vya tairi. Mchanga na tairi pamoja vilishinda. Afisa elimu alimpelekea Tajiri majibu yao. Tajiri, tuseme ukweli wake, aliyasoma. Jitu lilihamishiwa mwisho wa kiwanja, mbali na ukuta wetu, likachimbiwa kitanda cha mchanga na kulazwa juu ya mpira mnene. Kiwanda hakikufungwa. Hakuna mzazi aliyepoteza kazi, isipokuwa Fundi.

Naye aliitwa tena, kwa kuwa katika mahali pake papya Jitu lilitoa masufuria yaliyopinda na hakuna aliyejua kulisawazisha. Alikwenda akamwambia Tajiri kwamba atarudi siku ambayo kila mfanyakazi wa banda lile atapewa vizibo vya masikio, na wafungaji wa maboksi pia. Tajiri alikataa. Baada ya juma moja la masufuria yaliyopinda, akakubali. Masikio ya Fundi hayakurudi kama zamani. Daktari alisema alikuwa amechelewa, na leo anavaa kifaa cha kusikilizia ambacho hukizima, kwa maelezo ya mkewe, kila anapoambiwa afyeke majani.

Yule msichana hatumwiti Kimya tena. Ana watoto wake hapa shuleni, na kwenye kikao cha wazazi cha mwaka jana mwenyekiti alimwomba awaachie na wenzake nafasi.

Tangu mwaka ule, kila mtoto anayeanza shule hii hupimwa usikivu katika muhula wake wa kwanza, kazi iliyoanzishwa na Mwalimu Mtetemo na kuigwa na shule za jirani. Amewafunza walimu wengi kufundisha sauti kwa makopo, nyuzi, chupa na vijiko. Amekataa mara mbili kuwa mwalimu mkuu, akisema ofisini hakuna cha kushika. Vifaa vyake amevikabidhi kwa mwalimu kijana aliyejiunga nasi mwaka huu, ambaye tayari ameanza kunisumbua kupitia ukutani.

Jambo la mwisho. Tulipokuwa tunapanga viti vya sherehe ya Ijumaa, mzee mmoja mwenye mkongojo alifika ofisini akauliza kama anaweza kukaa nyuma, mahali popote, hatasema kitu. Alikuwa Tajiri, ambaye kiwanda sasa anakiendesha mwanawe. Tulimpigia simu Mwalimu Mtetemo kumwuliza. Akasema, "Mkalisheni mbele, karibu na mume wangu. Wana mengi ya kuzungumza, na mmoja wao akizungumziwa kutoka mbali hatasikia."

Mwalimu wetu, asante kwa watoto wote uliowashikisha walichokuwa hawakioni. Asante kwa kutosikiliza tulipokwambia ushushe ile ramani. Nenda nyumbani ukiwa na afya, ulee wajukuu, ucheke na mzee wako, na asubuhi mkae barazani bila kengele ya kuwainua. Mungu akupe miaka mingi, yenye amani, na yenye watu wa kuzungumza nao. Siku ukitukumbuka, njoo. Mlango wa darasa lako huna haja ya kuubisha. Ingia tu.